Herman Frasch: Aliyekitaka cha Mvunguni Bila ya Kuinama

Mtu akitoka Kisumu kwa njia ya reli, akaupa mgongo ule mkono wa ziwa uingiao bara, huipita Kibos na Miwani, kisha Chemelil, hata akafika Muhoroni. Kulia na kushoto ni tambarare ya Kano, na juu yake miwa, miwa tena, miwa hata jicho likachoka. Miwani ilijengwa kiwanda cha sukari katika miaka ya 1920. Muhoroni na Chemelil zikafuata katika miaka ya 1960. Kwetu sisi wa pwani mambo hayo si mageni, kwani Ramisi nayo, kule Kwale, ilianza kusaga miwa katika miaka hiyo hiyo ya 1920, hata kiwanda chake kilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Na waliotia sukari yake katika chai wangaliko.

Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kujiuliza: yale maji ya muwa yatokayo kinuni yakiwa na weusi na ukijani, huwaje hata yakawa sukari nyeupe? Mwenye kupika sukari guru huyachemsha tu mpaka yakashikana, na guru lake likabaki jekundu. Kiwandani kuna dawa. Maji yale hutiwa chokaa, kisha hupitishwa ndani yake moshi wa kitu cha rangi ya manjano kinachochomwa katika tanuu, na moshi huo ndio uyatakasao na kuyang'arisha. Kitu hicho ni kibiriti. Sisemi kibiriti cha kuwashia jiko, ingawa hicho nacho kimepata jina lake hapo hapo; nasema kibiriti upele, ambacho wazee wetu walikisaga wakakichanganya na mafuta na kuwapaka watoto wenye upele. Waarabu hukiita kibrit, na wafanyakazi wa viwandani husema salfa.

Ni kitu cha tangu na tangu. Wako wafasiri wa Kurani waliosema kwamba yale mawe yatakayokuwa kuni za Jahanamu ni mawe ya kibiriti, kwa ukali wa moto wake na uvundo wa moshi wake. Na mafundi wa elimu ya kikemia wa zama za Uislamu, wa mkondo wa Jabir bin Hayyan, walikuwa wakifundisha kwamba madini yote yamezaliwa na viwili, kibiriti na zebaki. Leo twajua sivyo. Lakini katika kukitukuza kibiriti hawakukosea sana. Kwacho hupatikana ile asidi kali ambayo bila yake hapana mbolea ya chumvichumvi, hapana rangi za nguo, hapana betri ya gari.

Makala haya ni ya maisha ya mtu mmoja aliyekitoa kibiriti ardhini kwa namna ambayo haikuwahi kufikiriwa kabla yake. Alikuwa Mjerumani aliyegeuka Mmarekani, na jina lake ni Herman Frasch. Wahenga wetu wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana huyu alikitaka cha mvunguni, tena mvunguni hasa, chini ya futi mia kadhaa za udongo na mchanga. Na hakuinama, wala hakumwinamisha mtu.

KIJANA MWENYE SAFARI

Herman Frasch alizaliwa tarehe 25 Desemba 1851 huko Oberrot, karibu na mji mdogo wa Gaildorf, katika ufalme wa Württemberg, kusini ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkubwa wa mji wa Gaildorf. Kijana huyo angeweza kukaa kwao akasoma chuo kikuu, akapata cheo na heshima. Hakukaa. Mwaka 1868, hata miaka 17 hajaitimiza, alipanda chombo akaivuka bahari ya Atlantiki, akatua Philadelphia katika nchi ya Marekani.

Huko alipata kazi ya usaidizi katika maabara ya Profesa Maisch kwenye chuo cha wauza dawa. Elimu yake aliipata hapo, kwa mikono na macho, kati ya chupa na mizani. Chuo kikuu hakukisoma. Haukupita muda mrefu akafungua maabara yake mwenyewe. Mwaka 1876 akapata hati ya haki ya uvumbuzi kwa njia bora ya kusafisha nta ipatikanayo katika mafuta ya petroli, ile itumikayo kufanyia mishumaa. Mwaka uliofuata akahamia Cleveland, mji uliokuwa makao ya kampuni ya Standard Oil ya John D. Rockefeller, nayo wakati huo ilikwisha kuishika biashara ya mafuta ya taa ya Marekani kama kucha za mwewe.

MAFUTA YENYE UVUNDO

Kukutana kwake kwa kwanza na kibiriti kulikuwa kukutana kwa maadui. Katika miaka ya 1880 Frasch alikwenda Kanada, upande wa Ontario, akanunua kampuni ndogo ya mafuta. Mafuta ya huko yalikuwa na ila kubwa: yamechanganyika na kibiriti. Ukiyatia katika taa yananuka mfano wa mayai viza, na bilauri ya taa yaingia weusi. Nani atakayeyanunua?

Wakati huo huo mafuta mengi yaligunduliwa Lima, katika jimbo la Ohio, mwaka 1885, nayo yalikuwa na ila hiyo hiyo. Rockefeller aliyanunua kwa wingi na kuyaweka, ingawa hapakuwa na mtu ajuaye namna ya kuyasafisha. Frasch akaipata njia. Aliyapitisha mafuta katika vumbi la shaba iliyounguzwa. Shaba ikakivuta kibiriti kikajigandisha nayo, mafuta yakatoka safi. Kisha vumbi lile akalichoma tena, likarudi kama lilivyokuwa, likatumika mara ya pili na ya tatu. Standard Oil ikazinunua haki zake na kumlipa kwa hisa, na thamani ya hisa hizo ikapanda, yeye akawa tajiri.

Msomaji aliweke akilini jambo hili, maana tutalirudia: kazi ya kwanza iliyompa Frasch utajiri ilikuwa ni kukiondoa kibiriti katika mafuta.

HAZINA YA LOUISIANA NA WATOTO WA SISILIA

Sasa tugeuke tukiangalie kibiriti chenyewe kilikotoka siku hizo. Kwa sehemu kubwa kabisa kilitoka katika kisiwa cha Sisilia, kusini ya Italia. Kisiwa hicho si kigeni katika tarehe ya Uislamu: Waislamu kutoka Tunisia walishuka huko mwaka 827, wakakitawala kwa zaidi ya miaka 200, na Palermo ukawa mji wa misikiti na bustani, mpaka Wanormandi walipokitwaa. Lakini katika karne ya 19 sifa ya Sisilia ilikuwa nyingine. Mashimo ya kibiriti yalichimbwa kwa sururu, na mawe yalipandishwa juu migongoni mwa watoto. Watoto hao waliitwa carusi. Wengine walikuwa wa miaka sita au saba. Baba fukara alipewa fedha kidogo mbele, na mtoto akaenda kuitumikia deni hiyo. Na kwa kuwa ujira ulikuwa haba, deni haikwisha, mtoto akakulia shimoni na mgongo ukapinda. Mwaka 1910 alifika huko Mmarekani mweusi Booker T. Washington, ambaye mwenyewe alizaliwa utumwani, akaandika kwa uchungu juu ya aliyoyaona. Mtu aliyeujua utumwa hakushindwa kuutambua alipokutana nao katika nguo nyingine.

Na baada ya tabu yote hiyo, mawe yalirundikwa katika tanuu la udongo yakawashwa moto. Sehemu ya kibiriti ikaungua ili kuiyeyusha sehemu iliyosalia. Moshi wake ulikausha miti na kuwakohoza watu.

Upande wa pili wa bahari, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, watu waliokuwa wakitafuta mafuta katika miaka ya 1860 walikuta chini ya ardhi tabaka nene la kibiriti. Furaha ilikuwa kubwa, na huzuni iliyofuata ikawa kubwa zaidi. Juu ya kibiriti kile palikuwa na mchanga mtepetevu uliojaa maji, usioshikilia ukuta wa shimo. Na ndani ya maji mlikuwamo gesi ya sumu. Kampuni baada ya kampuni ilijaribu kuchimba. Fedha zilipotea, mashimo yalijaa tope, na wafanyakazi kadhaa wakauawa na ile gesi. Hazina ikabaki pale, inajulikana ilipo wala haishikiki.

MAJI YA MOTO

Maneno haya ya Louisiana yalimfikia Frasch. Wenziwe wote walikuwa wameuliza swali moja: vipi tutamfikisha mchimbaji kwenye kibiriti? Yeye aliligeuza swali: vipi tutakifanya kibiriti kije juu chenyewe?

Nasi tunajua hapa Afrika ya Mashariki kwamba maji yaweza kuwa mchukuzi wa madini. Uvinza, karibu na Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi. Maji yameiyeyusha chumvi huko chini yakaipandisha, na mtu kazi yake ni kuyakausha tu. Lakini kibiriti hakifanyi kama chumvi. Ukikitia majini hakiyeyuki ng'o. Kinachokiyeyusha ni joto, nalo si joto kubwa la kutisha: hupata digrii 115 au 120 hivi za sentigredi kikawa majimaji. Taabu ni kwamba maji ya kawaida hufika digrii 100 yakachemka yakawa mvuke, hayazidi. Ila yakifungiwa ndani ya chombo na kubanwa sana, hayapati nafasi ya kuchemka, na joto lake laweza kupanda hata digrii 160 na zaidi.

Kina mama wa pwani wataielewa fikira yake bila ya kuchorewa. Msimu wa kusi, siku za baridi, mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa. Hapana anayeingiza kijiti shingoni mwa chupa ayachimbe. Chupa huwekwa katika maji ya moto, mafuta yakayeyuka, yakamiminika. Basi Frasch aliifanya ardhi ya Louisiana kuwa chupa.

Aliyapeleka maombi yake ya haki ya uvumbuzi mwaka 1890, na mwaka 1891 hati zikatolewa. Wajuzi wengi walimcheka. Sisi tuna msemo kwamba maji ya moto hayachomi nyumba. Wao waliona kwamba hayawezi pia kuyeyusha jabali lililo chini ya futi mia kadhaa za mchanga wenye maji baridi. Frasch hakubishana nao. Alipeleka mtambo wa kekee, ule utobolao visima vya mafuta, akatoboa kisima, akateremsha mabomba, akajenga boila. Katika Desemba ya 1894 maji ya moto yakasukumwa chini, na baada ya kungoja, pampu ikaanza kuvuta. Kilichotoka mdomoni mwa bomba kilikuwa kibiriti kilichoyeyuka, cha rangi ya dhahabu, kinachotiririka. Mapipa yakajaa upesi hata yakaisha, ikabidi watu wainue kuta za udongo na mbao juu ya ardhi, kibiriti kimwagwe humo na kugandia humo.

USTADI WA MABOMBA

Wengi wanaoisimulia habari hii huishia hapo, penye kustaajabisha. Mimi naona heshima ya Frasch haimo katika siku ile moja. Imo katika miaka iliyofuata, alipolifanya jaribio kuwa kazi. Na kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga mabomba.

Tazama kwanza ndani ya kisima. Humo mna mabomba matatu, moja ndani ya jingine, kama vikombe vya bweta. La nje hupitisha maji ya moto yaendayo chini. La kati hukipandisha kibiriti. La ndani kabisa, lililo jembamba, hupeleka hewa iliyobanwa. Kwani kibiriti ni kizito, karibu mara mbili ya maji, na kusukumwa na maji peke yake hakufiki juu. Hufika kati ya safari kikasimama. Hewa ikiingia ndani yake hufanya povu, kikawa chepesi, kikapanda kama maziwa yapandavyo sufuriani. Na uzuri wa mpango huo ni kwamba bomba la kibiriti limezungukwa na maji ya moto njia nzima, kwa hivyo hakigandi kikiwa safarini.

Tena joto lenyewe lina mizani yake. Likipungua, kibiriti huganda na bomba likaziba. Likizidi, jambo la ajabu hutokea: kibiriti chenyewe kikipita digrii 160 hivi, badala ya kuwa chepesi zaidi hugeuka kizito kama asali ya zamani, hakitaki kutiririka. Kati ya kuganda na kunata pana njia nyembamba, na fundi ndiyo apaswayo kuishika usiku na mchana.

Sasa toka nje ya kisima utazame uwanja. Kisima kimoja hakitoshi, na maisha yake si marefu. Kibiriti cha mahali pale kikisha, hutobolewa kingine mbele yake. Kibiriti kikitoka, chini hubaki pango, na ardhi ya juu hushuka. Kwa hivyo boila, tanuu na pampu kubwa haziwezi kujengwa juu ya hazina. Sharti zikae mbali, penye ardhi imara. Lakini zikikaa mbali mno, maji hupoa njiani na kuni hupotea bure. Basi mabomba makuu hutandazwa kutoka mtamboni hadi uwanjani yakiwa yamevikwa nguo za kuzuia joto, na matawi yake hufanywa ya kuhamishika, yafuate visima vinakokwenda. Bomba la kukirudisha kibiriti nalo hupewa mvuke wa kulipasha moto, ama sivyo litakuwa fimbo ya jiwe la manjano. Kibiriti hupelekwa katika matangi, kutoka huko kikamwagwa katika viwanja vilivyozungushiwa mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka kikawa mlima mmoja wenye kuta zilizonyooka. Kisha hubomolewa na kupakiwa katika mabehewa.

Na yale maji yaliyoshuka yakipoa, je? Yakiachwa chini hujaa, yakazuia maji ya moto mapya kuingia. Hivyo hutobolewa pembeni visima vingine ambavyo kazi yake ni kuyatoa maji baridi. Maji ya kutia katika boila nayo huangaliwa, maana yenye chokaa huacha ukoko kama ule tuuonao ndani ya birika, na boila yenye ukoko ni boila yenye kupasuka. Haya yote sharti yapigwe hesabu kabla ya kekee kugusa ardhi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika kazi hii haba moja iliyosahauliwa hukimwaga kibaba chote.

MWAKA 1901

Pamoja na ustadi huo, kwa miaka kadhaa kazi ilisuasua. Kuyapasha moto maji mengi kiasi kile kulitaka kuni na makaa, na bei yake ilikula faida. Kampuni aliyoiunda pamoja na wenziwe mwaka 1896, Union Sulphur Company, ilikuwa ina hazina chini na deni juu.

Faraja ilitoka jirani. Januari 1901, huko Spindletop karibu na Beaumont, Texas, mafuta yalifumka ardhini kama chemchemi, yakawa mengi hata bei yake ikaanguka. Beaumont si mbali na kisima cha Frasch. Akayaleta mafuta hayo kuziwasha boila zake, na tangu hapo kibiriti cha Louisiana kikawa rahisi. Yule ambaye ujana wake aliumalizia kukitoa kibiriti katika mafuta, sasa akayatumia mafuta kukitolea kibiriti.

Mwaka ule ule, Desemba 1901, reli iliyoanzia Mombasa ilifika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Wala wale waliotandaza reli Kisumu wala waliotandaza mabomba Louisiana hawakuwa na habari ya wenziwao. Lakini mambo hayo mawili yalikuwa ya kukutana. Reli ndiyo iliyoleta mashine za Miwani na kuchukua sukari yake. Na kwa miongo mingi kibiriti kilichouzwa duniani, kingi chake kilitoka katika visima vya namna ya Frasch.

MKATE WA WATU WA SISILIA

Haifai kumsifu mtu kwa upande mmoja. Kibiriti cha Louisiana kilipoingia sokoni, safi karibu kabisa na rahisi, Sisilia ilitetemeka. Mwaka 1906 serikali ya Italia iliunda kwa sheria shirika la lazima la kuwakusanya wenye migodi wa Sisilia na kukiuza kibiriti chao kwa pamoja, na baadaye yakafanywa maafikiano na Waamerika ya kugawana masoko. Hata hivyo utawala wa Sisilia juu ya kibiriti ulikwisha.

Je, lilikuwa jema au baya? Mtu mwenye huruma hapati jibu jepesi. Shimo lililompinda mtoto mgongo ndilo hilo hilo lililomlisha mama yake. Mabomba ya Frasch hayakuuliza carusi watakula nini. Wengi katika watu wa kisiwa hicho walipanda meli wakaenda Marekani kutafuta riziki, na baadhi yao walifika Louisiana, nchi ya kibiriti. Mvumbuzi aliondoa dhuluma moja kwa upande, bila ya kukusudia, na kwa upande akaacha njaa. Na aliyepasa kuiangalia njaa hiyo alikuwa mtawala na tajiri aliyekula faida, si bomba. Tukimsifu Frasch kwa kuwa hakumteremsha mtu shimoni, tukumbuke pia kwamba akili ya mashine bila ya uadilifu wa watu ni nusu ya kazi.

MWISHO WAKE

Mwaka 1912 wanakemia walimtunuku Frasch nishani ya Perkin, ambayo huko Marekani ni katika heshima kubwa kabisa za fani yao. Ndio mwaka ambao kampuni nyingine, Freeport, ilianza kutoa kibiriti kwa njia yake huko Texas, kwa kuwa muda wa haki zake za kwanza ulikwisha. Union Sulphur ilikwenda mahakamani kuzuia, ikashindwa. Yeye mwenyewe alikuwa amechoka kwa maradhi, na miaka yake ya mwisho aliipitisha sana Ulaya. Alifariki Paris tarehe 1 Mei 1914, akiwa na umri wa miaka 62, miezi mitatu tu kabla ya kufumka kwa Vita Kuu vya Kwanza, vita vilivyokula kibiriti kama moto ulavyo makuti.

Mgodi wake wa Louisiana ulifungwa mwaka 1924. Njia yake ikaendelea Texas, Mexico na Poland. Tangu miaka ya 1970 ilitumika pia Mishraq, ukingoni mwa mto Tigris, kusini ya Mosul katika Iraki, nchi ambayo Jabir alikuwa mmoja wa mafundi wake. Huko dunia ilionyeshwa tena tabia ya kitu hiki: mwaka 2003 akiba ya Mishraq ilishika moto ikaungua karibu mwezi mzima, na mwaka 2016, wakati wa vita, ikachomwa tena, watu wakasongwa na moshi.

Na sasa tulirudie lile tulilomwomba msomaji aliweke. Marekani ilifunga kisima chake cha mwisho cha namna hii mwaka 2000. Kwa nini? Kwa sababu nchi za dunia zilitoa sheria kwamba mafuta na gesi visafishwe kibiriti ili hewa isichafuke, na kibiriti kinachotolewa humo, pamoja na kile cha nchi za Ghuba, kimekuwa kingi hata hapana haja kubwa ya kukiyeyusha ardhini. Njia za leo si ile yake ya vumbi la shaba, lakini fikira ni ile ile. Kazi yake ya kwanza ilikuja kuiua kazi yake ya pili. Wachache wamepata kushindwa na mtu mwenye haki ya kuwashinda zaidi ya huyu, aliyeshindwa na nafsi yake.

Habari hii ina la kutufunza hapa petu, hasa ukingoni mwa Ziwa. Nchi ya Siaya na Migori, kulia na kushoto ya Kisumu, ina dhahabu, na vijana wengi huichimba kwa sururu na kamba katika mashimo membamba yasiyo na nguzo. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, upande wa Bondo, uliporomoka ukawafukia watu. Huko Migori zebaki hushikwa kwa mikono mitupu ili kuikamata dhahabu, na sumu yake hushuka mitoni, na mito huenda ziwani, na ziwani ndimo mtokamo samaki. Dhahabu haiyeyuki kwa maji ya moto, wala sisemi mabomba ya Louisiana yaletwe Bondo. Nasema swali la Frasch laweza kuletwa. Kabla ya kumteremsha mtoto wa mtu shimoni, wahandisi wetu, serikali zetu na wenye fedha wajiulize kama hapana njia ya kukileta kitu juu na mtu akabaki juu. Na wakiipata, wasimsahau yule aliyekuwa akila kwa shimo lile.

Herman Frasch hakuwa mtakatifu. Alikuwa mfanyabiashara aliyeipenda faida yake. Lakini sukari nyeupe nyingi itiwayo chaini, Kisumu au Kisauni, imepita katika moshi wa kibiriti. Na kwa muda wa maisha ya mtu mzima kibiriti hicho kilipanda juu bila ya mtoto kukibeba mgongoni. Mwenye kuacha jambo kama hilo nyuma yake hakuishi bure.